Ng'ombe wa Mwalimu Aniceti

Barua ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Bernadina alimlazimisha mwanawe aisome mara mbili: kwanza jinsi ilivyo, kisha kwa lugha ya watu. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la watu wazima pale Nakwa, na ukimpa maandishi ya Kiswahili humdanganyi. Kiingereza ndicho kilichomshinda, na alikichukia kama alivyochukia debe lililobonyezwa sokoni.

"Wakati wa likizo ndefu," Damasi alisoma, "mabweni yatafungwa. Bwalo la chakula litafungwa. Maktaba itafungwa. Wanafunzi wote warudi makwao, kwa sababu ya uhaba wa maji na chakula."

"Basi? Hawakusema kingine?"

"Wanatutakia likizo njema."

"Loo! Njema!" Bernadina alicheka bila furaha. "Na hiyo karatasi nyingine mfukoni mwako inasemaje? Hiyo unayoikunja na kuikunjua tangu juzi?"

Damasi aliisukuma karatasi ndani zaidi ya mfuko. Tangu alipofika, baada ya siku nne za kungoja basi lililokosa dizeli, kijana huyu mwenye maneno mengi alikuwa anakula kimya na kulala kimya. Mama mtu alikwisha kujua kuna jambo. Alingoja tu liive.

Likatoka. Somo moja lilimwangusha, somo la takwimu. Mwishoni mwa Juni angerudia mtihani, sapu kama wenyewe walivyoita. Akifeli tena anafukuzwa, miaka miwili imekwenda na maji.

Bernadina alikuwa mjane, na mtoto huyu alikuwa wa kwanza Nakwa nzima kufika chuo kikuu. Aliogopa. Lakini hasira ilimpanda kuliko hofu, na hasira ya Bernadina ilikuwa na faida moja, ilimpa kazi ya kufanya.

"Wamefunga," alisema. "Sawa. Sisi tunafungua."

Kesho yake aliazima meza ya kigango, ile ya katekista, akaibeba kichwani mwenyewe kwenye tope la masika, watu wakimtazama. Akaiweka dirishani, penye mwanga. Mafuta ya taa yalikuwa hadithi mwaka ule wa themanini na nne, kwa hiyo alipanga saa kwa jua: kijana anakaa saa nne asubuhi, anainuka saa kumi. Hapo katikati hatumwi maji, hatumwi kuni, haitwi kupalilia. Saa sita uji. Saa nane ugali wa mahindi ya manjano ya msaada, yale yaliyoitwa Yanga, na perege wa ziwani wakipatikana. Sukari kwenye uji haikuwepo, lakini sukari haikuwepo Babati nzima, hivyo hakuna aliyeonewa.

Majirani walicheka mpaka wakachoka. "Chuo Kikuu cha Mama Damasi," walisema. "Mkuu wa chuo huyo anapita na jembe." Bernadina aliwaitikia, "Na ada yangu ni maharage, leteni!"

Alipalilia shamba peke yake, mgongo ukimwaka moto, na kila akipita dirishani alichungulia. Siku ya tano akagundua jambo. Kurasa alizokuwa anafunua Damasi zilikuwa zilezile nane.

"Huna kitabu," alimwambia.

"Kuna nakala nne tu chuoni, mama, nazo ziko maktaba. Nina hizi notisi nilizoandika darasani, nusu hata mwenyewe sizielewi." Alisugua macho. "Mama, tusidanganyane. Hivi vyote unavyofanya, meza, uji, vizuri sana. Lakini bila kitabu nitafeli nikiwa nimeshiba."

Bernadina alikaa chini kwenye kizingiti. Uji anaupika. Meza ameiazima. Kitabu angekipika na nini?

Ndipo alipokumbuka kitu alichokuwa ameahidi kutokukumbuka.

Sisi Wairaqw tuna desturi moja, na asiyeijua atatuona watu wa ajabu. Mwenye ng'ombe wengi haweki wote zizi moja. Ugonjwa ukija, au wezi, utabaki na nini? Huyu anampeleka kwa rafiki kule Sigino, yule kwa shemeji kule Dareda. Anayelisha anakunywa maziwa na kuchukua samadi, ndama ni wa mwenye mali. Ng'ombe akifa, mlishaji anapeleka ngozi kwa mwenyewe, ili ijulikane kwamba amekufa kweli, hakuuzwa. Na siri ya nani kaweka nini kwa nani ni ya wawili hao. Huulizi. Kumwuliza mtu "hivi yule ng'ombe ni wako?" ni sawasawa na kumvua nguo sokoni.

Mwalimu Aniceti alikuwa Mwiraqw wa damu. Alifundisha hesabu sekondari, Damasi mwenyewe alipita mikononi mwake, na alikuwa na sanduku zima la vitabu. Alipohamishiwa Songea miaka sita iliyopita, lori halikuwa na nafasi ya sanduku. Akafanya alivyofanya baba yake na babu yake. Akaviweka vitabu vyake kwa watu, kimoja kimoja, usiri uleule, heshima ileile.

Bernadina aliinuka, akaenda kwenye kihenge cha mahindi, akaingiza mkono mpaka begani. Akatoa kifurushi cha nailoni kilichofungwa kwa katani.

Damasi alipokifungua alibaki mdomo wazi. "Mama! Kitabu kimekaa humu ndani miaka sita, mimi nipo, hukusema?"

"Ulitaka nitangaze ng'ombe wa mtu?"

Kilikuwa cha mambo ya udongo na mbolea, hakikumfaa kitu. Lakini ndani ya jalada kulikuwa na mwandiko safi wa mwalimu: *Cha tatu kati ya kumi na kimoja.* Damasi alikisoma, akakisoma tena, kisha akasimama.

"Alikuwa na kitabu kikubwa cha kijani," alisema. "Cha takwimu. Alikuwa anakuja nacho darasani, anatutania kwamba tukikua tutakutana nacho. Mama, ndicho hicho wanachotumia chuo! Ndicho! Kiko hapahapa Babati!"

"Kwa nani?"

Hakuna aliyejua. Kumwandikia mwalimu Songea kulikuwa bure, kwa posta ya mwaka ule jibu lingefika mtihani umeshapita. Ilibaki njia moja, na njia hiyo ilikuwa aibu tupu.

Usiulize ilimchukua Bernadina siku ngapi kujipa moyo. Siku ya soko alipanga maharage yake kama kawaida, karibu na rafiki yake Antonia aliyeuza vitunguu. Soko lilipojaa, akapanda juu ya gunia, akakohoa.

"Jamani, nisikilizeni! Mimi ni Bernadina, mama Damasi wa Nakwa. Mwalimu Aniceti aliniwekea kitabu. Ninacho, na kiko salama."

Soko zima likageuka. Hata aliyekuwa anabishana bei ya mbuzi akaacha.

"Mama Damasi," Antonia alimvuta kanga, "umeingiwa na nini leo? Shuka!"

"Sishuki. Mficha uchi hazai, nami nimeshazaa, sina cha kuficha. Vitabu vilikuwa kumi na kimoja. Simwulizi mtu! Sijamtaja mtu! Nasema tu kwamba mwanangu anatafuta cha takwimu, cha kijani, asipokipata atafukuzwa shule. Mlango wangu uko wazi kuanzia saa nne. Nimemaliza. Maharage haya ni ya jana, yanaiva upesi."

Akashuka. Siku hiyo hakuuza hata kisado. Wazee wawili walipita mbele yake bila kuitikia salamu, na Antonia alikusanya vitunguu vyake akaondoka mapema. Bernadina alilia njiani, akajifuta kabla ya kufika nyumbani, akapika kama kawaida.

Kesho yake saa nne na nusu, Antonia huyohuyo akabisha hodi.

"Nilikuwa napita tu," alisema, akaweka kapu la vitunguu mezani. Chini ya vitunguu kulikuwa na kitu kilichofungwa kwenye gunia. "Hicho sijui kimeingiaje humo. Mimi sijasema kitu."

"Nami sijaona kitu," Bernadina akamjibu, na wote wawili wakaangua kicheko mpaka wakashikana mabega. Kilikuwa kitabu cha jiometria.

Basi, wakaanza kuja. Mmoja alileta boga, na ndani ya kapu la boga mna kitabu. Mwingine alikuja kuulizia mbegu za alizeti akasahau kifurushi kwenye benchi. Hakuna aliyekiri kitu, na kila mmoja alinong'ona kwamba mwalimu akirudi aambiwe kilikaa pakavu. Ndani ya wiki mbili vilifika tisa pamoja na cha Bernadina. Damasi alivipanga dirishani, akavipangusa, akavisoma majina. Cha kijani hakikuwemo. Juni ilikuwa imeshaingia.

Alhamisi moja akaja Teodori wa Sigino. Mzee wa heshima, mkulima, mtu wa maneno machache. Alikuja amevaa koti la kanisani na viatu vyake vya matairi vimeoshwa. Nyuma yake alifuata binti yake Kandida, wa miaka kumi na saba, amejitwisha kapu la maharage mabichi.

"Shikamoo, baba Kandida."

"Marahaba, mama Damasi." Hakuketi. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kitu kipana kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, akakiweka mezani kwa mikono miwili. "Nimeleta ngozi."

Kitambaa kikafunuliwa. Lilikuwa jalada la kijani, gumu, limechakaa pembeni, na ndani yake maandishi: *Cha saba kati ya kumi na kimoja.* Jalada tu. Kurasa hazikuwepo.

Teodori alieleza akiwa bado amesimama, macho yake sakafuni. Mwaka jana, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walikuwa wanatupa sabuni mtoni na kufukia mabati kwa woga. Yeye hakuwa na sabuni wala mabati. Alikuwa na kitabu kinene cha Kizungu chenye muhuri, kisicho chake, na hakuweza kusema ni cha nani bila kuvunja siri ya mwenzake. Akaogopa. Akakifukia zizini, chini ya samadi, mahali ambapo askari hawachimbi. Alipokifukua baada ya miezi mitatu, samadi ilikuwa imekichemsha. Kurasa zilitoka zimekuwa uji.

"Nikatunza ngozi," alisema, "nimwonyeshe mwenyewe akirudi. Mimi sikuuza ng'ombe wa mtu. Nilimwua kwa ujinga."

Damasi alilichukua jalada, akalifungua, akalifunga. Kisha akakaa, akaficha uso mikononi. Kijana mzima wa miaka ishirini na mbili, mabega yakamtikisika.

"Ng'ombe wa maskini hazai," Bernadina alisema kwa uchungu. "Ndiyo hivyo. Baba Kandida, keti. Hukufanya kwa ubaya."

Hapo Kandida, ambaye hakuna aliyekuwa anamtazama, akashusha kapu.

"Baba," alisema. "Alizaa."

"Nani kazaa?"

"Ng'ombe wa Mwalimu Aniceti."

Akayatoa maharage kwa mikono yote miwili, akayamwaga sakafuni bila kuomba ruhusa, na chini kabisa akatoa rundo la karatasi lililoshonwa kwa katani. Karatasi za kila namna: migongo ya risiti za ushirika, kurasa za daftari za darasa la saba, kalenda za zamani, mifuko ya saruji iliyokatwa ikanyooshwa. Zote zimejaa mwandiko mdogo wa penseli, majedwali yamepigwa mistari kwa rula, michoro yake imekaa vizuri.

Alikuwa amekinakili. Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa, kama wenzake wengi, na baba yake alimkataza kugusa kitabu cha watu. Lakini baba alikwenda shamba, na kitabu kilikuwa darini. Kiingereza hakukijua, alichora maneno herufi kwa herufi kama anayedarizi. Hesabu alizifuata. Ilimchukua mwaka na nusu, na siku aliyofika ukurasa wa mwisho ilikuwa wiki tatu kabla ya ule msako.

Teodori alikuwa amepigwa na butwaa, halafu uso ukaanza kuiva. "Nilikukataza! Nilikwambia kitabu cha watu hakifunguliwi, ukanizunguka ndani ya nyumba yangu?"

"Ngoja!" Bernadina alisimama katikati yao, kidole juu. "Ngoja, baba Kandida. Ng'ombe akiwekwa kwako, maziwa ni ya nani?"

Teodori akayatazama maharage sakafuni.

"Ya nani? Sema, wewe ni mtu wa mila kuliko mimi."

"Ya mlishaji," alisema mwishowe.

"Na nyumba ya mlishaji je? Watoto wake hawanywi?"

Mzee alimtazama binti yake muda mrefu. Kisha akavua kofia, akaketi kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza tangu afike akaomba maji ya kunywa.

Damasi hakuwasikia. Alikuwa ameshafungua ukurasa wa kwanza, midomo inacheza. "Imo," alisema. "Yote imo. Hata majedwali ya mwisho." Akageuza ukurasa. "Na hizi alama za kuuliza pembeni ni za nini?"

Kandida aliona haya. "Ni mahali ambapo sikuelewa wametokaje hapa wakafika pale. Ziko arobaini na moja."

Kwa hiyo Chuo Kikuu cha Mama Damasi kikapata mwanafunzi wa pili. Kandida alitembea kutoka Sigino kila siku isipokuwa Jumapili na siku ya soko, kwa sababu ndama alimlea yeye na alitaka kuona anavyotoa maziwa. Damasi alianza na alama ya kwanza, akaeleza kwa maringo kidogo, kama msomi. Kandida alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapo umeruka." Akaeleza tena. "Umeruka palepale." Mara ya tatu Damasi akatoka nje, akazunguka nyumba, akarudi akiwa ameelewa kwa nini alifeli. Alikuwa anaruka kila mahali, na hapajawahi kuwa na mtu wa kumwambia.

Walikwama kwenye maswali. Alama ya kumi na tisa iliwashika siku mbili nzima, habari ya kuchukua sehemu ndogo ya kitu ili kujua kizima, na kwa nini sehemu hiyo inaweza kukudanganya. Bernadina alikuwa anachambua maharage pembeni. Alivumilia, akavumilia, mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Si bambo hilo!" alipasuka. "Mnunuzi anachoma gunia kwa bambo, anatoa punje chache, anajua gunia zima. Lakini akichoma juu tu, anaibiwa. Nani asiyejua kwamba mazuri huwekwa juu? Lazima achome juu, kati, chini, na gunia asilolichagua yeye wala mimi. Siku mbili mnahangaika na bambo?"

Walimtazama. Kandida akaichukua penseli, akaifuta alama ya kumi na tisa. Damasi alimbusu mama yake kichwani, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu akiwa mtoto, naye akamfukuza arudi mezani kwa kuwa ilikuwa bado saa tisa.

Siku ya kuondoka ilipofika, alama zote zilikuwa zimefutwa. Kandida alilileta rundo limefungwa vizuri. "Chukua," alisema, na ilionekana wazi kwamba linamuuma. Damasi alilishika kidogo, akamrudishia.

"Ndama hatengwi na aliyemlea. Mimi nimeshashiba maziwa."

Basi liliondoka likiwa limejaa mpaka kwenye ngazi. Baada ya hapo nyumba ikawa kimya. Kandida hakuja tena, maana mwanafunzi ameondoka, na Teodori alimhitaji kwenye mavuno. Bernadina alimaliza mahindi yake, akawa anaitazama meza ya kigango, anasema kesho atairudisha, kesho haifiki. Usingizi wake ulikuwa mwembamba. Alipita posta kila siku ya soko, na mtu wa dirishani alimtikisia kichwa kabla hajauliza.

Wiki ya sita yule mtu akasimama alipomwona kwa mbali. Alikuwa na simu ya maandishi. Bernadina hakumpa nafasi ya kumsomea. Aliishika kwa mikono miwili, karibu na macho, akaisoma mwenyewe polepole, neno kwa neno, kwa Kiswahili kisichodanganyika:

NIMEFAULU. USIFUNGE CHUO. DAMASI.

Alipiga kigelegele kimoja, pale pale posta, foleni nzima ikageuka. Kisha hakurudi Nakwa. Alikunja kanga kiunoni akashika njia ya Sigino kwa miguu, jua la saa saba kichwani, na hakupumzika mpaka alipowakuta Teodori na binti yake uani wanapura maharage.

"Hodi! Baba Kandida, sina muda wa kuketi." Alimpa mzee ile karatasi. Teodori aliisoma, akaisoma tena, akampa Kandida. Kandida alipofika neno la pili na la tatu alimtazama Bernadina, mdomo wazi.

"Mama, lakini mwanafunzi ameshaondoka."

"Mmoja ndiye aliyeondoka. Kuna vitabu tisa pale dirishani kwangu, na katekista anasema mtu wa nje ya shule anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne akijiandaa. Mwalimu nitamwandikia mimi mwenyewe, nimweleze kuhusu ngozi na ndama." Akamgeukia Teodori, na sauti ikashuka. "Baba Kandida, sikuombi. Nauliza tu, na mniwie radhi, mwaka huu nimeshazoea kuuliza yasiyoulizwa."

Teodori aliokota punje za maharage zilizorukia nje ya turubai, moja moja, akazirudisha.

"Atamaliza kupura hii," alisema. "Kuanzia Jumatatu, aje."

"Saa nne," Bernadina alimwambia Kandida. "Usichelewe, uji unapoa."